Makofi Sitini Kila Upande

Kama umeanza tiba hii juzi, au kama wewe ndiye mke, mume au mama uliyeonyeshwa namna ya kumpiga mgonjwa wako mgongoni, yapo mambo machache ambayo hayamo katika karatasi uliyopewa. Kiganja ukikunje kama unachota maji. Kiganja kilichonyooka huchoma ngozi tu, hakifiki kifuani. Usimpige mtu aliyetoka kula. Beseni liwe na kifuniko. Na kabla hujaanza, nenda kwa jirani wa kulia na wa kushoto ukawaeleze kwamba sauti watakayoisikia asubuhi na jioni ni dawa.

Hilo la mwisho mimi sikulifanya. Ndilo lililonifanya nikae niandike.

Nilizaliwa Kisenyi, mtaa mmoja wa mji wa Waganda, katika ukoo wa watu ambao babu yao alikuja kutoka pwani amebeba mizigo ya mfanyabiashara, akaona mvua na ndizi, akaahirisha safari ya kurudi mpaka akafa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, jambo ambalo utotoni mwangu halikuwa na hatari yoyote. Mama alikuwa akinibusu kwenye paji la uso, kisha akilamba midomo yake na kusema mtoto huyu ametiwa chumvi mara mbili. Tulicheka. Hatukujua kwamba mama ndiye aliyekuwa daktari wa kwanza kuugundua ugonjwa wangu.

Nilikohoa kila msimu wa mvua. Chuo kikuu nilijifunza kukohoa kwa adabu, ndani ya leso, wakati wengine wanacheka ili sauti ijifiche humo. Nikawa mwalimu wa historia, nikaoa, nikapanga nyumba Kyebando, na pembeni nikawa naandika makala gazetini. Wanajeshi waliposhika serikali nilihama polepole kutoka mambo ya nchi hadi mambo ya mboga. Makala yangu kuhusu namna bora ya kupanda mchicha, nathubutu kusema, ilisomwa na watu wengi.

Ugonjwa niliuficha. Aliyekohoa alidhaniwa ana kifua kikuu, na mwalimu mwenye kifua kikuu hana darasa. Zuhura, mke wangu, ndiye peke yake aliyejua kwamba kila asubuhi nilikaa chooni nusu saa nikijisafisha kifua kabla ya kutoka mbele za watu nikiwa na tai na pumzi za kuazima.

Kisha zikaja mvua za Machi ambazo sitazisahau. Kohozi likawa zito kama gundi ya seremala. Lilikaa. Ncha za vidole vyangu zilivimba zikawa duara kama za chura, shati likanipwaya, na kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani, mwendo wa dakika tano, kukawa safari yenye vituo vitatu. Kwenye kila kituo nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Zuhura akanipeleka hospitali ya kilimani. Kliniki ya kifua ilikuwa kila Alhamisi. Kwenye benchi la kungojea tulijuana kwa vikohozi kabla ya majina: huyu kikavu, yule cha maji, yule mama wa pembeni kama anayegonga mlango wa bati. Mara nyingine aliingia mwanajeshi na kupita moja kwa moja hadi ndani, nasi sote, wenye vikohozi vya kila aina, tukanyamaza kabisa. Sijui tulivizuia vipi. Tuliitazama sakafu, na sakafu ile naijua hadi leo.

Daktari alikuwa mtu mwembamba ambaye miwani yake imefungwa plasta pembeni. Alinipima kifua kikuu mara tatu, hakukiona. Alinilamba kiganja. Alinilamba kweli, kwa ncha ya ulimi, kisha akaomba radhi na kuanza kuchora nyuma ya cheti. Akasema njia za hewa zimetandikwa seli, na seli hizo kazi yao ni kama ya wachukuzi: zinahamisha chumvi, na maji hufuata popote chumvi inapokwenda. Zangu, alidhani, zinaivuta chumvi ndani kwa pupa, na maji yanaifuata. Juu panabaki gundi. Nikivuta chumvi kutoka nje, maji yatatoka tena kuifuata, na kohozi litalainika.

Nikamwambia kwa fahari kwamba nimekuwa nikijifukiza mvuke wa maji ya chumvi wiki nzima. Akaniuliza kama nimewahi kutazama sufuria baada ya maji kukauka. Chumvi ilikuwa imebaki humo yote. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nimefukizwa maji matupu.

Akatoa kwenye droo kipulizio cha kioo chenye mpira wa kubinya, kilichoachwa na daktari mwingine aliyeondoka nchini bila kuaga. Kijiko cha chumvi safi katika maji yaliyochemshwa, kupulizia kinywani asubuhi na jioni, kisha nilale kichwa kikining'inia chini ya kiuno, na mtu anipige mgongoni. Makofi sitini kila upande. Akamfundisha Zuhura kukunja kiganja, akamwambia ahesabu kwa sauti ili asichoke njiani.

Mwisho akauliza tuna watoto wangapi. Hatukuwa na mtoto. Akavua miwani, akasema taratibu kwamba huenda ni ugonjwa huohuo, na kwamba kasoro iko kwa mume.

Kwa miaka saba mama yangu na shangazi zangu walikuwa wamemnywesha Zuhura mizizi. Tulishuka mlima ule. Karibu na chini akasimama.

"Mizizi ile ilikuwa michungu, Twaibu," akasema.

Hajawahi kuongeza neno. Ila makofi yake, tangu jioni hiyo, yalikuwa na nguvu zaidi kidogo kuliko alivyoelekeza daktari, nami sikulalamika.

Tiba ilifanya kazi. Wiki ya pili nilipanda kutoka barabarani kwa kituo kimoja. Shida ikawa chumvi. Ilikuwa imeadimika pamoja na sukari na sabuni. Iliyopatikana sokoni Owino ilikuwa mabonge ya kijivu yenye tope, ya kulambishwa ng'ombe, na daktari alitaka safi. Ilibidi kupanga mstari dukani kwa Kalule, pale penye maduka ya Kyebando, na mstari wa Kalule ulianza alfajiri na kwa kawaida chumvi ilikwisha kabla hujafikiwa.

Lakini mwezi wa Mei mambo yakabadilika. Nilifika siku moja, watu watatu mbele yangu wakakumbuka wana shughuli kwingine. Siku nyingine Kalule aliniona tangu mbali na kunyanyua mkono. Pakiti ilikuwa tayari chini ya kaunta, imefungwa kwa gazeti. Aliyekuwa akiniita Mwalimu akaanza kuniita ssebo, yaani bwana, kisha mheshimiwa. Wanaume walivua kofia. Nilimweleza Zuhura kwamba makala ya mchicha imewagusa watu.

 Yeye akasema alichokisikia bombani, wanawake walipodhani ameshaondoka. Walisema katika nyumba yetu watu wanapigwa. Kila siku, asubuhi na jioni, mtu anapigwa, anagumia, anakabwa, na mwanamke anahesabu mapigo kwa Kiswahili.

Msomaji wa leo huenda asielewe mpaka nimwambie: Kiswahili, Kyebando ya miaka ile, kilikuwa lugha ya wanajeshi wa vizuizi vya barabarani. Mtu aliposikia "moja, mbili, tatu" nyuma ya ukuta, hakufikiria hospitali. Na mimi nilikuwa nimejificha vizuri mno. Kwa kila aliyenijua nilikuwa mzima wa afya, mwenye tai, ninayesema lugha ya kambini, na ambaye mwenye duka anamwogopa.

Zuhura alitaka tukawaeleze jioni hiyohiyo. Ningependa kuandika kwamba nilikubali. Nilimwambia tungoje kiangazi kipite. Nilisema nitapoteza kazi, na hiyo ilikuwa kweli. Sikusema kwamba katika kabati kulikuwa na pakiti tatu za chumvi, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nililala usiku kucha bila kuamshwa na kifua changu. Hakuhitaji kuambiwa.

"Wanakuogopa, nawe unapumua," akasema.

Basi nikaendelea kupumua. Juni ikapita, Julai ikapita. Alhamisi moja ya Agosti mlango wa daktari ulikuwa umefungwa, na muuguzi akatuambia, bila kutuangalia, kwamba ameenda kijijini. Alhamisi iliyofuata alisema vivyo hivyo. Ya tatu hatukuuliza, na kwenye benchi vikohozi vilikuwa vimepungua kwa sababu watu waliacha kuja. Tulibaki na karatasi yake, kipulizio, na hesabu ya sitini.

Jirani wetu wa kushoto alikuwa fundi wa malori, na gereji yake ilikuwa Kisenyi, mitaa miwili kutoka nilikozaliwa. Walikuwa na mapacha, kwa hiyo kila mtu alimwita yeye Ssalongo na mkewe Nalongo. Zamani tulikuwa tukisalimiana juu ya ua wa michongoma, kwa Luganda, salamu zile ndefu ambazo mtu anaweza kumaliza kunyoa kabla hazijaisha. Tangu Mei salamu zilikuwa fupi. Mapacha walikuwa wakiitwa ndani kila nikitoka.

Gari lilikuja jioni moja ya Septemba, jua bado lipo. Nilikuwa kifudifudi, kichwa kikining'inia nje ya kitanda, beseni chini yangu. Zuhura alikuwa amefika thelathini na nne upande wa kushoto. Tulisikia gari likipanda polepole kutoka barabarani. Likasimama mbele ya lango letu, injini ikiunguruma.

Mkono wa Zuhura ulibaki hewani.

Kohozi lilikuwa limeshang'oka, limefika kooni, na anayejua ugonjwa huu anajua kwamba hapo mtu hana tena hiari. Niliuma shuka. Niliona kwenye beseni uso wangu mwenyewe ukigeuka rangi. Milango ya gari ikafunguliwa. Viatu vikakanyaga changarawe, vikafika kwenye lango letu, vikapita.

Viliingia kwa jirani. Hapakuwa na ukelele. Nilimsikia Ssalongo akiomba, kwa sauti ya mtu mwenye adabu, aruhusiwe kuvaa shati. Kisha buti la gari likafungwa, na gari likashuka kama lilivyopanda.

Ndipo nikakohoa. Nilikohoa hadi nikaona nyota, na Zuhura, kwa kuwa hatukujua jambo lingine la kufanya, akaushusha mkono mgongoni mwangu na kuendelea: thelathini na tano, thelathini na sita. Akamaliza sitini. Hatukutoka. Nimejaribu mara nyingi kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine.

Mtaa mzima uliona gari liliposimama. Kesho yake Kalule alinipa pakiti mbili.

Nalongo alikuja baada ya wiki moja na siku kadhaa. Ilikuwa jioni tena, karibu na saa yetu ya tiba. Alipiga magoti mlangoni, kama wanawake wa Kiganda wanavyofanya, lakini aliinama zaidi ya inavyotakiwa kwa jirani, na mbele yake akaweka kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Hakunisalimu kwa Luganda. Alitumia Kiswahili, kile cha kubahatisha cha vizuizini, kwa kuwa alidhani ndicho kinachosikilizwa humu ndani.

"Afande, mimi hapana kuja na maneno mingi," akasema. "Naleta chumvi. Nasikia wewe napenda chumvi. Ile mtu, mpunguzie kidogo. Piga asubuhi tu. Jioni mumuache, apumuzike."

Nikamuuliza mtu gani.

"Ssalongo. Walituambia tulale chini, mimi na watoto. Nasikia gari naenda, halafu nasikia mama hapa nahesabu. Nasema, aa, wamemwacha hapa." Akanyanyua uso. "Kila siku nahesabu pamoja na nyinyi. Sitini na sitini."

Nilimjibu kwa Luganda, kwamba mumewe hayupo kwetu, hajawahi kuwapo, kwamba mimi ni mgonjwa na anayepigwa ni mimi. Nilisikia jinsi ilivyokuwa. Ndivyo hasa mtu wa namna ile angesema. Alinisikiliza kwa heshima, akaisogeza chumvi karibu zaidi na miguu yangu.

Zuhura alitoka chumbani, akamshika mkono na kumwinua. Akamwambia aingie aone mwenyewe.

Basi nilivua shati mbele ya jirani yangu. Nilibinya mpira, nikavuta chumvi, nikalala kichwa chini juu ya beseni na mbavu zangu zote hadharani. Zuhura akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Kutoka pale niliponing'inia niliona miguu ya Nalongo tu, mitupu, yenye vumbi jekundu la njia. Kwenye kumi na kitu nilianza kugumia. Kwenye ishirini nikakohoa, na kile kilichotoka kikaangukia beseni mbele ya vidole vyake. Miguu haikurudi nyuma. Ilibaki pale hadi sitini, tukageuka upande wa pili, ikabaki hadi sitini nyingine.

Kisha akatazama chumba. Alitazama nyuma ya pazia. Akafungua kabati, ambamo mlikuwa na mashati yangu na pakiti za Kalule, akalifunga.

"Kwa hiyo hapa hamna mtu," akasema, kwa Luganda sasa.

"Nipo mimi," nikasema, nikipangusa mdomo.

"Wewe." Aliketi ukingoni mwa kitanda changu. "Nilikuwa nikisikia mnahesabu, nasema bado yupo. Asubuhi nasema, leo ameamka. Siku ile mlichelewa kuanza, nilikaribia kufa."

Zuhura alimshika bega.  Alipoondoka nilimkimbilia na lile furushi la chumvi, kwa mwendo wangu wa kukimbia, ambao alisimama kuutazama, akiucheka au akiulilia, sijui. Hakulipokea.

"Kaa nayo," akasema. "Imeshaletwa."

Kesho yake nilikwenda dukani nikaeleza yote mbele ya mstari mzima. Kalule alishika kaunta akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mstari wote ukacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika pale kwa miezi.

"Kumbe mgonjwa tu, Mwalimu?" akasema. Alipomaliza kujipangusa akaninyooshea kidole mwisho wa mstari. "Watu wanaanzia kule."

Nilianzia kule. Siku nyingi niliishia kulekule. Shuleni habari ilifika kabla ya wiki kwisha, na mkuu wa shule, kwa maneno mazuri, akanipumzisha. Pakiti za Kalule ziliisha Oktoba. Mvua zikaanza, na gundi ikarudi.

Novemba watu wa Kyebando walikuwa nje wakikamata senene, wale panzi wa kukaanga, watoto wakipiga kelele kwa furaha, nami nikiwasikia kutoka kitandani nikihesabu pumzi. Chumvi ya Nalongo ilikuwa nyeupe, safi, sijui aliipata wapi mwaka ule. Nilianza na kijiko, nikashuka hadi nusu kijiko kwa siku, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa ikisimama kati yangu na beseni. Zuhura alipiga mara nne kwa siku badala ya mbili. Viwiko vyake viliuma, kisha vifundo vya mikono vikavimba hata asiweze kushika kikombe. Hilo nalo daktari wako hatakuambia: tafuta mpigaji wa pili mapema. Mama yangu alijaribu, akalia kwenye pigo la tano.

Sasa nimeshakuwa mtu wa makamo, jambo ambalo sikulitarajia. Chumvi inapatikana kila duka. Wanajeshi wale walikwenda zao. Ssalongo hakurudi, wala hakuna mtu aliyewahi kumwambia mkewe alikopelekwa. Kama unaanza tiba hii leo, utachoka, utajionea haya, utaichukia sauti ya kiganja. Lakini katika yote yaliyonifikisha hapa, ninalokumbuka kila nikilala kichwa chini ni asubuhi moja ya Novemba ile.

Zuhura alikuwa amefika kumi na mbili, akaacha. Alikuwa amekaa sakafuni ameshika mikono yake. Mimi nilikuwa nimening'inia, sipati hewa, kohozi limekwama. Mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi. Nikaiona miguu ile yenye vumbi jekundu.

"Sogea," Nalongo akamwambia Zuhura.

Alikunja kiganja sawasawa. Alikuwa ameangalia vizuri mara ile moja. Akaanza upya, tangu moja, kwa Luganda: emu, bbiri, ssatu. Mikono yake ilikuwa mizito kuliko ya mke wangu. Kwenye arobaini kifua kikafunguka, nikatapika gundi yote, nikavuta pumzi iliyofika chini kabisa, mahali ambapo hewa haikuwa imefika kwa siku nyingi.

Alifika sitini, hakuacha. Sitini na moja, sitini na mbili. Zuhura akanyanyuka kumshika mkono, nikamwashiria amwache ahesabu.